Diego Garcia: nani mwenye kisiwa, nani mwenye uwanja, nani mwenye kwao

Chukua ramani ya Bahari ya Hindi, weka kidole Dar es Salaam, kisha kisukume mashariki karibu kwa mstari ulionyooka. Ukishapita kama kilomita 3,600 za maji utafika Diego Garcia, utepe wa mchanga na matumbawe wenye umbo la unyayo, uliozunguka maji tulivu ya ndani yenye urefu wa kilomita 20 hivi. Ardhi yake yote haifiki kilomita za mraba 30, na sehemu kubwa haijainuka hata mita 2 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mkono wake wa magharibi Marekani imejenga njia ya kurukia ndege ya mita 3,600 na ushei, inayotosha kupokea ndege yoyote ya kivita iliyo angani leo.

Kila kisiwa hiki kinapotajwa katika habari, msomaji hupewa majina ya nchi tatu kwa mkupuo mmoja: eneo la Uingereza, kambi ya Marekani, dai la Mauritius. Kisha hutajwa Wachagosi, watu waliozaliwa pale na ambao hawaruhusiwi kuishi pale. Si ajabu wengi wetu huifunga habari hiyo bila kujua nani anamdai nani.

Kwa maoni yangu fundo hili hufunguka mtu akitenganisha maswali. Kuna swali la nani ana mamlaka juu ya ardhi, kuna swali la nani anaitumia, na kuna swali la nani ana haki ya kuiita kwao. Mawili ya kwanza yamejadiliwa na mawaziri, majaji na majenerali kwa takriban miaka 60. La tatu limesogezwa pembeni kila mara ili mawili hayo yapate majibu, na ukilifuata hilo la tatu historia nzima ya kambi inakaa sawa.

Visiwa vya mbata

Diego Garcia ni kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Chagos, lenye visiwa vidogo takriban 60. Hakukuwa na wakazi wa kudumu hadi mwishoni mwa karne ya 18, Wafaransa walioitawala Mauritius walipoanza kupanda minazi huko. Kazi ilifanywa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa Msumbiji na Madagaska. Kwa hiyo sehemu ya nasaba ya Wachagosi inaanzia katika mwambao huu huu wetu wa Afrika Mashariki, jambo ambalo hatulikumbuki kama inavyostahili.

Mwaka 1814 Ufaransa iliikabidhi Uingereza Mauritius pamoja na visiwa vilivyokuwa chini yake, Chagos vikiwemo. Utumwa ulipofutwa miaka ya 1830, waliokuwa watumwa walibaki wakawa vibarua wa mashamba yale yale, na Wahindi wa mikataba wakaungana nao. Vizazi vikapita. Watu wakawa na Kikrioli chao, ngoma yao ya sega, makanisa na makaburi yao. Walifua nazi, wakakausha mbata, wakakamua mafuta. Kila familia ilikuwa na nyumba, bustani, kuku, mara nyingi na nguruwe, na bahari ilitoa kitoweo. Haikuwa pepo: kampuni ya shamba ilimiliki kila kitu, na ujira ulikuwa mdogo mno. Lakini maisha yalikuwapo, na yalikuwa ya watu wenye kujua babu zao wamelala wapi.

Vita viligusa kisiwa kwa kupita. Oktoba 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Emden, iliingia Diego Garcia kusafishwa na kupakia makaa. Wenyeji wakaipokea vizuri, kwa sababu habari kwamba vita imeanza Ulaya zilikuwa hazijawafikia. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza waliweka pale ndege za kutua majini za aina ya Catalina kwa ajili ya kuwinda nyambizi. Kimbunga cha mwaka 1944 kiliitupa mojawapo ufukweni, na mabaki yake yalibaki pale East Point, kijiji kikuu cha shamba. Vita vilipokwisha wanajeshi waliondoka na mbata ikaendelea.

Kuwahi kisiwa kabla ya bendera

Kambi ya leo ilianza kama wazo la kwenye karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Stuart Barber, mpangaji raia katika jeshi la wanamaji la Marekani, aliona makoloni ya Asia na Afrika yakielekea uhuru na akajua kwamba kambi zilizomo katika nchi hizo zingeweza kuzuiwa au kufukuzwa na serikali mpya. Ushauri wake ulikuwa Marekani ijipatie mapema visiwa vidogo, vya mbali, vyenye watu wachache, kabla wakoloni wanaovishika hawajaondoka. Alipopekua ramani, Diego Garcia ilimvutia kuliko vyote: iko katikati ya bahari, ina bandari ya asili ndani yake, na ina ardhi tambarare ya kutosha uwanja wa ndege.

Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika. Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na miezi michache baadaye kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya angani kilichokuwa Tunguu kikafungwa. Mwaka huo huo wapimaji wa Uingereza na Marekani walipita Chagos wakipima ardhi na kuhesabu watu. Simaanishi kwamba Tunguu ndiyo iliyozaa Diego Garcia, kwa sababu mpango ulikuwa umetangulia. Lakini mtu wa Washington aliyesoma habari za pwani yetu mwaka ule alikuwa na kila sababu ya kutaka kisiwa kisicho na wapiga kura.

Tatizo lilikuwa Mauritius, iliyokuwa njiani kupata uhuru ikiwa na Chagos ndani ya mipaka yake. Azimio namba 1514 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1960 lilikataza kuikata vipande nchi inayoelekea kujitawala. Uingereza ikaikata hata hivyo. Septemba 1965 ujumbe wa Mauritius ukiongozwa na Seewoosagur Ramgoolam ulikuwa London kwa mazungumzo ya uhuru, na kabla Waziri Mkuu Harold Wilson hajakutana na Ramgoolam aliandaliwa muhtasari uliosema wazi kwamba lengo ni kumtisha kwa matumaini: tumaini la kuupata uhuru, na hofu ya kuukosa akikataa kuachia Chagos. Ramgoolam alikubali. Mauritius ikaahidiwa pauni milioni 3. Novemba 8, 1965, Amri ya Malkia ikaunda koloni jipya lililoitwa Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, lenye Chagos pamoja na visiwa vitatu vilivyomegwa kutoka Shelisheli: Aldabra, Farquhar na Desroches. Wakati dunia ikifunga makoloni, Uingereza ilikuwa ikifungua moja. Vile vya Shelisheli vilirudishwa ilipopata uhuru mwaka 1976. Chagos havikurudishwa.

Desemba 30, 1966, London na Washington zikabadilishana hati za kuipa Marekani ruhusa ya kutumia visiwa hivyo kwa miaka 50, na nyongeza ya miaka 20. Hakuna kodi iliyotajwa, lakini kulikuwa na malipo ya siri: Marekani iliisamehe Uingereza dola milioni 14 za gharama za utafiti wa makombora ya Polaris yaliyowekwa kwenye nyambizi zake. Bunge la Uingereza halikuambiwa, wala la Marekani. Jambo hilo lilifichuka miaka kadhaa baadaye.

Jinsi watu wanavyofutwa kwenye karatasi

Hapa ndipo penye kiini, na nitakaa hapa kidogo.

Kifungu cha 73 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinaitaka nchi inayotawala watu wasiojitawala itangulize maslahi yao na kupeleka taarifa kuwahusu. Wachagosi wangetambuliwa kuwa wakazi wa kudumu, Uingereza ingewajibika kueleza koloni jipya ni la nini na wenyewe wanasemaje. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kusema hawapo. Maofisa waliandikiana kwamba watu wale watajwe kama vibarua wa mikataba waliotoka Mauritius na Shelisheli, wanaokuja na kuondoka. Sir Paul Gore-Booth, aliyekuwa ofisa wa juu kabisa wa Wizara ya Mambo ya Nje, aliandika mwaka 1966 kwamba hakutakuwa na wenyeji isipokuwa shakwe. Maandishi hayo yalikuja kutoka kwenye majalada ya serikali na kusomwa mahakamani.

Kuwahamisha kulianza kimyakimya. Mwaka 1967 Uingereza ilinunua mashamba yote. Kuanzia 1968, Mchagosi aliyekwenda Mauritius kutibiwa au kutembelea ndugu aliambiwa bandarini kwamba hakuna meli ya kumrudisha, kwa kuwa visiwa vimeuzwa. Shehena za chakula na dawa zikapungua, na baadhi ya watu wakaondoka wenyewe wakidhani wanaondoka kwa muda.

Machi 1971 wahandisi wa jeshi la wanamaji la Marekani walitua Diego Garcia na matingatinga. Sir Bruce Greatbatch, gavana wa Shelisheli aliyekuwa pia kamishna wa eneo hilo, aliamuru mbwa wote wa kisiwani wauawe. Walijaribu risasi, wakajaribu sumu, na hatimaye wakawafungia wanyama hao ndani ya banda la kukaushia mbata na kuwaua kwa moshi wa magari ya kijeshi. Watoto waliona. Watu wazima waliuchukua huo kuwa ujumbe wao. Kufikia Oktoba 1971 hapakuwa na mwenyeji Diego Garcia. Walioomba kubaki jirani walipelekwa Salomon na Peros Banhos, zaidi ya kilomita 200 kaskazini, kisha navyo vikaondolewa watu mwaka 1972 na 1973. Kwa jumla ni kati ya watu 1,500 na 2,000 waliopoteza kwao.

Mwaka 2018 Liseby Elysé, mzaliwa wa Peros Banhos, alizungumza kwa Kikrioli kwa njia ya video mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Alikuwa na umri wa miaka 20 na mjamzito alipopandishwa melini. Alisema walisongamanishwa kama wanyama, kama watumwa, na kwamba mtoto aliyekuwa tumboni alimpoteza baada ya kufika. Mjukuu wa watumwa kutamka hivyo mbele ya mahakama ya dunia ni jambo zito kuliko hoja nyingi za mawakili zilizosikika wiki ile.

Waliteremshwa Port Louis, Mauritius, na Mahé, Shelisheli, bila nyumba, bila kazi, na ujuzi wao wa nazi ukikosa soko. Uingereza iliilipa Mauritius pauni 650,000 kwa ajili yao, na fedha hizo hazikuwafikia hadi 1978, baada ya kupungua thamani. Akina mama kama Charlesia Alexis na Lisette Talate wakaongoza maandamano na migomo ya kula, na mwaka 1982 Uingereza ikatoa pauni milioni 4 nyingine. Wengi waliweka dole gumba kwenye hati za Kiingereza wasizoweza kuzisoma.

Barber mwenyewe, uzeeni, aliandika kwamba hapakuwa na sababu nzuri ya kuwaondoa watu wa visiwa vya kaskazini, na kwamba pengine hata wa upande wa mashariki wa Diego Garcia wangeweza kubaki salama. Mwenye wazo la kambi alisema hivyo. Kila mara ninapoambiwa kwamba ulinzi wa dunia ulidai watu wale waondoke, namkumbuka yeye.

Kutoka minara ya redio hadi ndege za mabomu

Bunge la Marekani liliombwa fedha za kituo kidogo tu cha mawasiliano. Ndivyo kilivyoanza mwaka 1973. Mwaka huo ikapigwa vita ya Waarabu na Israeli, na jeshi la wanamaji likarudi kuomba njia ndefu zaidi ya kurukia ndege, matangi ya mafuta, na kuchimbwa kwa kina cha bandari.

Majirani walipinga. Mwaka 1971 Sri Lanka, ikiungwa mkono na Tanzania, ilipeleka kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hoja ya kuitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani lisilo na ushindani wa mataifa makubwa. Hoja ilipita Desemba 16 kama azimio namba 2832. Matingatinga hayakusimama.

Mapinduzi ya Iran ya 1979 na uvamizi wa Wasovieti huko Afghanistan yaliibadili kambi kabisa. Marekani iliamua kuwa na nguvu za kufika Ghuba kwa haraka, na mwaka 1980 ikasaini makubaliano ya kutumia bandari na viwanja vya Oman, Kenya na Somalia. Mombasa ikaingia katika mtandao ule ule ambao kitovu chake ni Diego Garcia. Meli zilizojaa vifaru, risasi, mafuta na maji zikaanza kukaa katika maji ya ndani ya kisiwa mwaka mzima, ili wanajeshi wakipelekwa vitani kwa ndege wakutane na silaha zao zikiwa tayari jirani. Agosti 1990, Iraki ilipoivamia Kuwait, meli hizo zilikuwa miongoni mwa za kwanza kufikisha silaha nzito Saudi Arabia.

Mwaka 1991 ndege za B-52 ziliruka kutoka kisiwani kwenda kuipiga Iraki. Mwaka 2001 B-52 na B-1 zilizotokea pale zilibeba sehemu kubwa ya uzito wa mabomu yaliyoangushwa Afghanistan katika miezi ya mwanzo. Yalijengwa mabanda maalum yenye hewa inayodhibitiwa kwa ajili ya B-2, kwa sababu ngozi yake inayokwepa rada huharibiwa na unyevu. Mwaka 2025 ndege hizo zilionekana tena pale, wakati mvutano na Iran na mapigano ya Yemen yakipamba moto.

Thamani ya kambi haiishii kwenye ndege. Pale pana mojawapo ya antena chache duniani zinazowasiliana na setilaiti za mfumo wa GPS, mfumo ambao simu yako huutumia kujua uko mtaa gani. Pana pia darubini za kufuatilia vitu vinavyozunguka dunia. Na upweke wake una upande wa giza: baada ya kukanusha kwa miaka, Februari 2008 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, David Miliband, alikiri bungeni kwamba mwaka 2002 ndege mbili za Marekani zenye watuhumiwa waliokuwa wakisafirishwa kwa siri zilitua pale kujaza mafuta. Kambi isiyo na wenyeji haina jirani wa kuona nani ameshushwa na nani amepandishwa.

Mahakamani

Kesi ziligawanyika njia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowapoteza wasomaji wengi.

Njia ya kwanza ni ya Wachagosi dhidi ya serikali ya Uingereza katika mahakama za Uingereza. Olivier Bancoult, aliyehamishwa akiwa mtoto, alishinda Novemba 2000: Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuwafukuza hakukuwa halali. Serikali ilikubali warudi visiwa vingine, isipokuwa Diego Garcia. Mwaka 2004, bila kupitia bunge, ikatumia Amri za Malkia kuifuta haki hiyo. Bancoult alishinda tena ngazi mbili, kisha mwaka 2008 akashindwa kwenye Baraza la Malodi, lililokuwa ngazi ya juu kabisa ya rufaa, kwa kura 3 dhidi ya 2.

Njia ya pili ni ya Mauritius dhidi ya Uingereza, na hoja yake ni mamlaka juu ya ardhi. Mwaka 2010 Uingereza ilitangaza hifadhi kubwa ya bahari kuzunguka Chagos. Mwaka 2015 jopo la usuluhishi la sheria ya bahari likaamua kwamba hifadhi hiyo ilivunja haki za Mauritius. Februari 25, 2019, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kwa wingi wa majaji 13 dhidi ya 1: visiwa vilikatwa bila ridhaa ya kweli ya watu, uhuru wa Mauritius haukukamilishwa kisheria, na Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Aliyeyasoma maoni hayo alikuwa rais wa mahakama, Jaji Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia, na Umoja wa Afrika ulikuwa upande wa Mauritius. Miezi mitatu baadaye Baraza Kuu likaitaka Uingereza iondoke ndani ya miezi 6, kwa kura 116 dhidi ya 6.

Maoni ya ushauri hayana askari wa kuyatekeleza, lakini yaliiacha Uingereza pabaya: mkataba wake na Marekani, uliokuwa umejiongeza hadi 2036, ulisimama juu ya ardhi ambayo dunia ilisema si yake.

Ndiyo maana mazungumzo yalifika kwenye mkataba uliotiwa saini Mei 22, 2025, na Keir Starmer kwa upande wa Uingereza na Navin Ramgoolam, mtoto wa yule yule Seewoosagur, kwa upande wa Mauritius. Kwa mkataba huo mamlaka juu ya Chagos yote yanakwenda Mauritius, na Uingereza inakodi Diego Garcia kwa miaka 99 kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka, ili kambi iendelee. Saini pekee haikutosha kuutia nguvu. Ulihitaji pia hatua za kisheria za nchi zote mbili, na ndani ya Uingereza ulipata wapinzani wakali.

Wachagosi hawakuwa na kiti kwenye mazungumzo hayo. Hawana sauti moja, na ni vyema kulisema hilo waziwazi. Kundi la Bancoult, lenye makao Mauritius, liliunga mkono mkataba. Wengi wa walio Uingereza, hasa Crawley karibu na uwanja wa Gatwick, waliupinga, wakisema hawajawahi kuulizwa wanataka kuwa chini ya nani. Wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walipata zuio la mahakama usiku wa kuamkia siku ya saini, likaondolewa kabla jua halijatua. Mimi naona dai la Mauritius ni la haki, na naona malalamiko ya Crawley nayo ni ya haki, kwa sababu ni majibu ya maswali mawili tofauti.

Mkataba umewatengea Wachagosi hazina ya pauni milioni 40, na unairuhusu Mauritius kupanga makazi mapya Peros Banhos, Salomon na visiwa vingine. Diego Garcia imetolewa kwenye ruhusa hiyo. Wapo raia wanaoishi pale leo kwa miaka mingi mfululizo, wengi wakiwa Wafilipino na Wamauritius walioajiriwa na makandarasi kupika, kufua, kutengeneza mitambo na kufyeka nyasi kando ya njia ya ndege. Kwa hiyo hoja kwamba raia na kambi hawawezi kukaa pamoja kisiwani haina mashiko hata kwa mwenye kambi. Mzaliwa wa East Point, ambako kanisa na makaburi ya wazee wake viko ng'ambo ya maji, mbali na uwanja, hupewa kibali cha ziara fupi, na ratiba yake hupangwa na wengine.